Kanda ya Chui na Chumba cha Besi

Kisa hiki hamtakiamini, na siwalaumu. Hata mimi nisingekiamini kama kingesimuliwa na mtu wa kawaida. Bahati yenu kinasimuliwa na mimi, niliyeachana na shule mapema kabla haijaniharibu.

Kinamhusu shemeji yangu, mume wa dada yangu, mpiga gitaa la besi. Mtaa mzima unamwita Besi, na nadhani hata mama yake mzazi aliondoka duniani akiwa ameshalisahau lile jina lingine. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vinene kama betri za tochi. Ana ugonjwa mmoja tu: hatupi kitu.

Chumba chake cha nyuma ndicho ushahidi. Mle ndani kulikuwa na santuri zilizopindishwa na joto mpaka ungeweza kunywea uji. Kulikuwa na mabango ya wanamuziki wenye nywele za duara kubwa kuliko shida zao, na suruali za bugaluu ambazo mguu mmoja ungetosha kumvika mtu na jirani yake. Viatu vya raizoni vilikuwa na visigino virefu hivi kwamba enzi zile Besi akisalimiwa alikuwa akiitikia kutoka juu kama mwezekaji aliye paani. Na ukutani, ndani ya mfuko wa plastiki, ilining'inia taulo ambayo msanii mmoja wa ng'ambo, aliyejulikana kwa jina la Chui, alijifutia jasho jukwaani.

"Usiiguse," Besi alikuwa akimwambia kila anayeingia. "Ina jasho la historia."

"Historia inanuka," dada yangu akasema siku moja. Akaitoa, akailoweka, akaifua, akaianika. Besi alisusa kula hadi harufu ya mchuzi ilipomfuata chumbani na kumbembeleza.

Sasa, dada yangu ni fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye ujia, kati ya mlango wa jikoni na friji, na wateja walijaribu nguo nyuma ya friji hiyo. Mambo yalienda hivyo hivyo, kwa aibu ndogo ndogo, mpaka siku mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipokuja kujaribu gauni. Kichwa kikanasa ndani, mikono iko juu, hatoki wala haingii. Mara akapita fundi bomba aliyekuwa akitafuta koki. Alipomwona mtu amesimama vile, naye akainua mikono juu, akidhani nyumba imevamiwa.

Jioni ile dada yangu hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

"Baba watoto, chumba nakitaka."

"Mama, kile si chumba. Ni makumbusho."

"Makumbusho yana wageni. Kile kina mende."

Wakavutana, wakafika kwenye makubaliano. Ataitwa mjuzi: mtangazaji wa redio, yule wa kipindi cha muziki wa zamani. Akikuta hata kitu kimoja cha maana cha kuondoka nacho, chumba kitabaki cha Besi. Akitoka mikono mitupu, vitu vyote nje, cherehani ndani. Mimi nikawekwa kuwa shahidi, kwa kuwa ni ndugu wa mmoja na mnywaji mwenza wa mwingine, hivyo sina upande.

Msicheke haraka. Besi alikuwa na hofu ya kweli. Siku hizi kwenye harusi kinanda kimoja kinafanya kazi ya bendi nzima, na hakiombi soda. Hakuna anayemwita tena. Mle chumbani tu, katikati ya yale matambara, ndimo alimokuwa bado mwanamuziki. Kikiondoka chumba, angebaki kuwa mzee mrefu, basi. Asubuhi ya ugeni nilimkuta akivipiga kiwi viatu vya raizoni.

Mtangazaji alikuja. Kamtu kembamba, lakini sauti ilitangulia kuingia, kisha yeye akaifuata. Akatazama mabango. "Ninayo." Akatazama santuri. "Ninazo, na zangu zimenyooka." Akaipandisha taulo puani.

"Inanukia sabuni."

Kwenye ujia, dada yangu alikohoa.

Besi akatoa turufu yake ya mwisho. Alifungua kopo la biskuti, akatoa kanda moja aliyoizungushia kitambaa kama mtoto mchanga. Chui alipiga muziki hapa mara moja tu, uwanja ukajaa, na Besi alisimama chini ya jukwaa akiwa na redio kaseti ndani ya koti. Hakuna mwingine aliyerekodi onyesho lile.

Mtangazaji akashika ukuta. "Unayo? Kweli unayo?" Akaigeuza kanda kwenye mwanga. "Mbona hapa juu pamezibwa?"

"Vumbi hilo," Besi akasema, lakini macho yake yalikimbia.

Niwaeleze ninyi mliozaliwa simu ikiwa tayari mfukoni. Kanda ilikuwa na vimeno viwili mgongoni. Ukivivunja, redio haikubali tena kurekodi juu yake, na kilicho ndani kinakuwa salama. Ila wanamuziki walikuwa na dawa: unatafuna karatasi, unaziba vile vitundu, redio inadanganyika. Bendi ikipatwa na wimbo mpya na kanda tupu hakuna, walichukua yoyote iliyo karibu, wakaapa kwamba hawatagusa sehemu ya maana.

Kanda ikawekwa. Umati ukanguruma. Chui mwenyewe akauliza kwa lugha yake kama watu wako tayari. Gitaa likalia mara moja, tamu, la kukuinua nywele. Halafu: *krrrk*.

"Nani kakalia kofia yangu?" Hiyo ilikuwa sauti ya mpiga drams wa bendi ya Besi.

Mtangazaji akageuka polepole, kama mtu aliyekuta maiti.

"Mmemfuta Chui?"

Besi akapuliza vumbi lisilokuwepo juu ya redio.

"Mmemfuta Chui, mkarekodi *kofia*?"

Mtangazaji alishanyoosha kidole kuizima. Ndani ya kanda gitaa la besi likaanza, la kijana asiyejua anakokwenda, likijikwaa palepale kama mlevi kwenye kizingiti. Ikasikika sauti ya mwanamke: "Hapana, hapana. Nyie mnauburuza. Uende hivi." Akaimba.

Jamani! Ulikuwa ule wimbo. Ule mmoja uliowahi kuitangaza bendi yao, ambao mpaka leo ukipigwa hata bibi harusi anasahau viatu vinambana. Ule ambao Besi alishatuambia sote, miaka nenda miaka rudi, kwamba aliupata ndotoni.

Cherehani kwenye ujia ikanyamaza. Dada yangu akaingia, futi kamba shingoni.

"Baba watoto. Ile ndoto yako, ilikuja imevaa gauni?"

Besi akalifunga kopo la biskuti. "Ilikuwa ndoto ndefu. Mwanzo wake sikuukumbuka vizuri."

"Mama, ni wewe huyu?" mtangazaji akauliza.

"Nilikuwa nimewapelekea mashati yao ya jukwaani. Nikakuta wanaua wimbo."

"Naichukua hii," akasema yule bwana. "Hii naichukua sasa hivi."

"Kachukua!" Besi akaruka. "Kitu kimoja! Shemeji, wewe shahidi! Chumba changu!"

"Kachukua sauti ya nani?" dada yangu akauliza.

Wote wakanitazama. Nikatazama dari, ambayo ilihitaji kutazamwa.

Besi hakusubiri hukumu. Aliomba kanda irudishwe nyuma, akaisikiliza tena akiwa amefumba macho, vidole vikitembea juu ya paja. Kisha akatoka hadi kwenye ujia, akainama, akashika cherehani upande mmoja.

"Shemeji, shika huko. Na usinitazame kama niko msibani."

Basi ndivyo ilivyo hadi leo. Dada anashona mle chumbani, dirishani, bango la wenye nywele za duara ndilo pazia la kujaribia nguo, na bugaluu moja imeshazaa sketi mbili. Besi hukaa kwenye kigoda akisimulia habari za kila kitu ukutani, na mteja aliyezungukwa na pini hana pa kukimbilia. Hajawahi kupata wasikilizaji watulivu kiasi hicho.

Na siku kipindi kiliporushwa, ndugu zangu! Magari yalisimama barabarani, trafiki akavua kofia, wagonjwa waliotundikiwa dripu wakainuka wakacheza nazo, na Chui mwenyewe, huko aliko ng'ambo, akapiga simu analia, akamwambia dada yangu kwamba tangu azaliwe hajawahi kufutwa na—

"Shemeji." Ni Besi huyo, kaniinamia begani, anasoma ninachoandika. "Simu ipi? Siku ile umeme ulikatika, tukasikilizia redio ya betri ya muuza duka, na wewe ulikuwa unakoroma."