Miezi Niliyosingizia Nyuki

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa wazima wote wawili, mke wangu Eustadia alinipa michembe ya viazi vitamu iliyopikwa na karanga, akaniambia nimevaa shati nje ndani. Nikabisha. Akacheka tu, akaendelea kupepeta uwele. Nilipofika kisimani nikaona ni kweli. Kesho yake homa ilimshika. Jumapili tulimzika, hapa hapa Goweko.

Msibani walisema alikuwa mchapakazi, mpole, mtu wa sala. Kazi na sala, sawa. Mpole hakuwa. Na lile kubwa alilolivuka halikusemwa. Yeye mwenyewe alipozeeka hakulionea haya, aliwaambia wasichana waziwazi. Basi na mimi nitalisema.

Tulifunga ndoa mwaka wa nzige, Mwingereza akiwa ameshaizoea nchi. Usiku ule wa kwanza mwili wake ulijifunga. Hakunikataa, maana alikuwa amenishika mkono. Lakini mwili ulikaza, na maumivu yakamfanya ang'ate shuka. Nikadhani ni ugeni. Mwezi ukapita, na wa pili. Kisha maumivu yakahamia mchana: chini ya kitovu, kwenye nyonga, akienda haja ndogo, akikaa kwenye kigoda.

Nikampeleka kwa mganga, upande wa Bukene. Mganga akasema ni mzimu wa kwao, akatoa mizizi ya kupaka. Ilimuunguza. Siku tisa hakuweza kukaa. Mimi ndiye niliyempeleka, na mimi ndiye niliyemwambia avumilie. Hilo sijalisahau.

Tukaenda hospitali. Daktari alimpima, mkalimani akatuambia, "Hana ugonjwa." Nikafurahi, nikaileta nyumbani kama habari njema. Mama yangu akapiga makofi.

"Hana ugonjwa? Basi anaringa! Msichana mzima anamnyima mwanangu. Asali ikimalizika kurinwa, arudi kwao. Nitamtafutia mwanangu mwingine."

Kurina asali ndiyo kazi yangu. Na kwetu mrinaji halali na mkewe siku za kurina. Nyuki hunusa, hukasirika. Siku hizo nilirudi kutoka porini nikamkuta Eustadia amekaa chini, miguu ameinyoosha, anachambua karanga na kuimba. Sikuwa nimemwona amekaa vile tangu dawa ya mganga. Nikafikiri siku nzima. Mimi si mwepesi wa kufikiri.

Asali ikamalizika. Mama akaja uani.

"Umemaliza?"

"Bado, mayu. Kuna mizinga ya ng'ambo ya mto."

"Asali gani mwezi huu?"

"Nyuki wa huko wamechelewa."

"Wamechelewa! Walikuwa safari, wamebeba mizigo ya Waarabu?"

Nilichukua shoka na kamba nikaenda porini kutundika mizinga ambayo haikuwa na haja ya kutundikwa. Mwiko ni mwiko. Hata mama hakuthubutu kuuvunja. Na maadamu mwiko ulikuwepo, hakuna aliyeweza kumdai Eustadia kitu.

Nilisingizia nyuki miezi mitano. Kambini Silasi, mrinaji mwenzangu, alinipigia kelele mbele ya wote: "Mzinga wa nyumbani umekushinda, unahangaika na ya porini!" Wakacheka. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Mwezi wa sita wa uongo huo tulipanda treni hadi Tabora kupeleka nta kwa mnunuzi mmoja, Abasi. Akatupa benchi. Mimi nikakaa, Eustadia akabaki wima. Mama yake Abasi, Bi Mwanne, alikuwa mkunga na kungwi pale mjini. Alikuwa anamtazama kutoka mlango wa ndani.

"Binti, mbona hukai?"

"Shikamoo, bibi. Nimezoea kusimama."

"Marahaba. Mwongo. Njoo ndani."

Nikainuka na mimi.

"Wewe nani kakuita? Kaa na nta yako."

Walikaa huko mpaka adhuhuri. Kisha Bi Mwanne akatoka, akaninyooshea kidole.

"Sikiliza, mume. Jicho likiona mchanga unakuja, hufumba. Halikuulizi. Mwili wa huyu umejifunza hivyo. Si kiburi, si mzimu. Ukilifumbua jicho kwa vidole vyako, kesho litafumba mapema zaidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Lakini utafuata."

Aliyomfundisha sikuambiwa yote. Najua alimfundisha kupumua taratibu mpaka tumbo lilegee, kukaza na kuachia, kitambaa cha maji ya moto nyongani. Mafuta ya ufuta, na mkono wake mwenyewe, si wangu, kwa siku anayotaka yeye. Akiumia, aache. Kazi yangu ilikuwa kutouliza. Nyumbani nikazidi kuwasingizia nyuki, na mama akazidi kuwatukana.

Tulirudi kwa Bi Mwanne mara saba. Ilichukua mwaka na zaidi. Kuna majuma alirudi nyuma, akalia, akasema nimwache aende. Nikamwambia bado kuna mizinga. Halafu siku moja yeye ndiye aliyeniita.

Binti yetu Bernadeta alizaliwa. Mama alimpakata, na la kurudi kwao halikutajwa tena. Maumivu ya nyonga hayakuisha kabisa. Kila masika yalikuja, Eustadia akalala na kitambaa chake, asubuhi akaenda kulima.

Siku Bernadeta alipoolewa tulibaki wawili uani. Nikamuuliza nililokuwa nimelibeba muda mrefu: baada ya dawa ile ya kuunguza, na maneno yale ya mama, kwa nini hakurudi kwao. Hakuacha kusuka mkeka. Akasema hivi:

"Nilikuwa nimeshafunga mzigo. Nikakusikia unamwambia mama nyuki wamechelewa, wewe usiyejua kudanganya hata mbuzi. Nikaufungua."