Uvimbe Shingoni mwa Dada Yangu

Dada yangu alipoanza dawa za TB, uvimbe shingoni mwake ulikuwa kama harage. Mwezi wa pili ukawa kama yai, na homa ikamrudia. Tuliishi wawili Kiganjo, chumba kimoja chenye pazia katikati, nami ndiye niliyemhesabia vidonge kila asubuhi.

Mama akaja kutoka Kimbo kumwona. Alimpapasa shingo, akaondoa mkono haraka. "Ngai, Mungu wangu! Hizi dawa zinamuua mtoto wangu."

Nilimwamini. Nikazificha dawa ndani ya ndoo ya unga. Dada hakuziulizia. Siku ya tatu uvimbe ukapasuka, usaha ukalowesha kola ya blauzi yake, nikampeleka kliniki.

Daktari, mwanamke wa umri wangu hivi, aliuliza kama kuna siku alikosa dawa. Dada akaangalia sakafu.

"Mimi ndiye niliyezificha," nikasema.

Hakunigombeza. Alivuta kiti karibu. "Dawa zinafanya kazi, vijidudu vinakufa. Tatizo ni kwamba mwili unapigana navyo kupita kiasi, unajiumiza wenyewe."

Alieleza kwamba katika damu kuna chembechembe zinazopigana na maradhi, na kuna nyingine, seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuzituliza zile za kwanza. Kwa dada, huenda zilikuwa zimezidiwa.

"Kwa hivyo angekuwa nazo nyingi, hangeumwa hivi?"

"Si lazima. Zikituliza vita mapema mno, vijidudu vinapata nafasi ya kukaa mwilini kimya, hata miaka."

Nikamkumbuka baba, aliyekohoa hadi akatuacha, na dada ndiye aliyemlisha. Pengine dada alivibeba vijidudu tangu siku hizo, akiuza mitumba, akicheka na wateja, sisi tukimwona mzima. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuumizwa na utulivu wa mwili wake, kisha aumizwe na ukali wake.

Aliongezewa vidonge vya kupunguza uvimbe, na dawa za TB akaendelea nazo mpaka mwisho. Alipona. Kovu limebaki chini ya sikio.

Juzi nilimwomba msamaha. Alikuwa akikunja shuka, hakuacha.

"Nilijua ziko kwa unga," akasema. "Nilikuwa nimechoka kumeza. Nilifurahi umenipa sababu."

Nikashika ncha ya pili ya shuka tukakunja pamoja.