Chupa Isiyo na Seli

Fundi wa maabara hukigonga kila kichupa kwa ukucha mara mbili kabla ya kukifungua, na huzisemesha seli shina anapozilisha: "Kuleni, wanangu." Kazi yake ni kukusanya vifuko vidogo mno ambavyo seli hizo za binadamu hutoa, kisha kupima vipande vya RNA, yaani nakala za maelekezo ya jeni, vilivyomo. Asubuhi ambayo ripoti ya miezi minane ilikuwa itumwe, alipima pia chakula kitupu cha seli, kile kinachochanganywa na maji ya damu ya ng'ombe. Kikatoa RNA zilezile, bila seli hata moja ndani yake.

"Nani kakutuma upime hicho, dada?" bosi wake akauliza alipoonyeshwa majibu.

"Hakuna, mzee. Ila miezi yote hii tumemsoma ng'ombe."

Fundi akamsogezea kiti chake mwenyewe, ambacho hakuna mwingine aliyewahi kuruhusiwa kukikalia.