Simu Yangu Ilimpa Marehemu Baba Mkwe Jicho Asilokuwa Nalo

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili asije mtu katikati ya habari akaanza kunitetea. Simu ilifanya yake na unyevu wa huku kwetu ulifanya yake, lakini aliyesema uongo mbele ya ukoo mzima ni mimi, nimefunga kitenge kipya cha ibada.

Nina miaka thelathini na sita. Naishi Makandana, hapa Tukuyu, na nina steshenari ndogo: natoa kopi, nachapa barua, nasafisha picha na kuziweka kwenye fremu. Nimeolewa kijiji cha Suma. Mtoto wetu wa kwanza nitamwita Ipyana. Silo jina lake, kwa hiyo msihangaike kunitafuta.

Sasa, mimi na simu. Wapo wanawake wanaopenda vitenge, wapo wanaopenda vyombo. Mimi napenda simu, tena za kampuni moja tu. Toleo jipya likizinduliwa natazama mwanzo hadi mwisho, na wale Wazungu wakipiga makofi, na mimi huku dukani napiga. Nilikuwa kwenye grupu la mashabiki, na mtu akiisema vibaya kampuni yangu namjibu mpaka anajitoa. Mume wangu, Baba Ipyana, aliwahi kuniambia kampuni hiyo haijui hata kama nipo duniani. Nilinuna siku mbili.

Mwaka jana nikaipata ile kubwa yao, toleo la juu kabisa. Nilijinyima miaka miwili, tuishie hapo. Boksi nililifungulia juu ya kitambaa cheupe, nimenawa mikono kwa sabuni. Ni nzito kiasi, inajaa kiganjani, na ubavuni ina ubaridi kama kijiko. Chaja hamna ndani ya boksi, jambo nililolitetea grupuni kwa hoja sita.

Na kamera, jamani! Nilisimama mlangoni kwa duka nikauvuta mlima Rungwe mpaka nikaona mti mmoja mmoja. Halafu kuna sehemu imeandikwa "Boresha". Ukigusa hapo, picha ya giza inakuwa ya mchana, na mtu aliyefumba macho anafumbuliwa. Nilipenda hiyo kuliko vyote. Niliboresha kila kitu, hadi mbuzi wa jirani.

Hapo inabidi niwaeleze kuhusu baba mkwe. Alikuwa mtu wa zamani, na nyumbani kwao mila ya mkamwana waliishika kweli kweli. Mkamwana, yaani mke wa mwana, hamtazami baba mkwe usoni. Mkikutana njiani unapisha na kugeukia migombani. Akiingia sebuleni, wewe unatokea mlango wa jikoni. Wengi wa mjini wameiacha, sisi hatukuiacha. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa nilimjua mzee kwa kikohozi chake na viatu vyake vya mvua. Tuliheshimiana sana, kila mtu akiwa upande wake wa ukuta.

Kwa hiyo mwenye kamera nzuri kuliko wote katika ukoo ndiye asiyeruhusiwa kumpiga mzee picha. Wengine waliruhusiwa, lakini mzee mwenyewe hakupenda. Ukimnyooshea simu, anakunyooshea fimbo. Alipofariki tuliikuta kadi yake ya kupigia kura, na picha yake ilikuwa imefifia kiasi kwamba angeweza kuwa mtu yeyote, hata mimi.

Ikabaki picha moja tu, ya ujana wake. Mama mkwe aliitunza sandukuni chumbani kwake, kwenye fremu ya kioo iliyofungwa kwa khanga. Hata wanawe walikuwa hawajaiona tangu wakiwa wadogo.

Ulipokaribia mwaka mmoja wa msiba, familia ikapanga ibada ya shukrani na kujengea kaburi. Kaburi litiwe vigae, kigae cha kichwani kiwe na picha ya mzee, na fulana zichapwe. Wote wakasema kazi hiyo ni ya Mama Ipyana: ana duka, na ana ile simu.

Mama mkwe alinikabidhi picha kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ipige hivyo hivyo ilivyo. Usiitoe kwenye kioo. Imegandia."

"Ndiyo, mama."

Nikaitoa.

Kwanza niliipiga ikiwa ndani ya kioo, lakini mwanga wa mlangoni ulikipiga kioo, ukafunika upande mmoja wa uso. Shabiki wa simu ile hawezi kukubali picha yenye mwanga usoni, ni aibu kwa kampuni. Nikachukua wembe wa kukatia karatasi nikaanza kuibandua polepole. Miguu ikatoka vizuri, koti likatoka, tai ikatoka. Uso ukabaki kwenye kioo, vipande vipande. Nikajaribu kuvikwangua, nikapata unga wa kijivu.

Hilo ni kosa la kwanza, na nadhani ningesamehewa.

Nikabaki na ile picha ya simuni yenye mwanga. Nikagusa "Boresha". Haikuchukua hata dakika. Mwanga ukaondoka, na hapo nikaona sura ya mzee: kipaji laini, macho mawili yamefumbuka vizuri, mtu anayeheshimika. Nilimtazama sana. Ndiyo mara ya kwanza kumwona baba mkwe usoni! Nikaona haya, nikashusha macho, nikamwambia shikamoo. Kumbe namwamkia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Sikujua, wallahi sikujua. Nilidhani simu imefukua kilichokuwa chini ya ule mwanga. Ikaniuliza kama nihifadhi juu ya ile ya mwanzo, yaani ile ifutike, nikakubali. Kioo na mabaki ya picha nikavitupa pamoja na karatasi mbovu za dukani. Mama mkwe nikamwambia fremu yake nitaibadilisha, ilikuwa imechakaa.

Baba Ipyana ni dereva, anapeleka ndizi Dar. Nilimtumia picha akiwa njiani. Akajibu, "Baba kapendeza." Nikaichapa.

Siku ya ibada watu walijaa Suma, fulana kila kona. Mchungaji akaomba, kitambaa kikaondolewa kwenye kigae, watu wakasema mzee kapendeza. Mama mkwe akasogea. Akainama. Akatazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

Watu wakamshika mabega, wakadhani ni uchungu.

"Msinishike. Nauliza, huyu ni nani?"

"Ni baba, mama," akasema shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni mwalimu, anaishi Mbeya.

"Baba yako jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Huyu ana macho mawili mazima."

Watu wakaanza kuzitazama fulana zao. Wanawe wote walilijua jicho lile, ila walidhani ujanani lilikuwa zima. Mimi peke yangu sikulijua, na mimi ndiye niliyekuwa ninatazamwa. Nikakiangalia kigae kwa makini, na hapo hapo nikaona. Upande wa kushoto ulikuwa ni ule wa kulia umegeuzwa, mpaka sikio. Nilijua palepale kwamba simu imejitungia, nimesimama kaburini kwake, na fulana sitini zimevaliwa.

Nikasema, "Hii picha ni ya kabla jicho halijaumia."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka laini kabisa, kana kwamba nilikuwepo.

"Alikuja kunichumbia na jicho hilo," akasema mama mkwe. "Na picha tulipiga siku ya kumbatiza huyu." Akamnyooshea kidole mwalimu. "Mimi nilikuwa nyuma ya mpiga picha, nimekubeba wewe, unalia."

Mwalimu akamwambia kwa upole, "Mama, picha ni ushahidi. Kumbukumbu ni kumbukumbu tu."

Mama akanigeukia. "Mama Ipyana, wewe ndiye uliyeishika. Ni kweli?"

Hapo Mungu alinipa nafasi, ndugu zangu! Aliniwekea mlango wazi kabisa. Mimi nikasema, "Kweli, mama. Kwa umri wako kusahau ni kawaida."

Tangu siku hiyo mama mkwe akawa mtu anayesahau. Haikuhitajika daktari. Mboga ikipungua chumvi, watu wanasema, unaona? Akimwita Ipyana kwa jina la baba yake, kama bibi wote duniani wanavyofanya, unaona? Wanawe wakachukua funguo za stoo ya mahindi. Wakamkataza kuwasha moto akiwa peke yake. Mwanamke aliyekuwa anajua kila mgomba wake, ulipandwa lini na mche ulitoka kwa nani, sasa anaulizwa kama amekula.

Kibaya zaidi, na yeye akaanza kuamini. Akawa ananiuliza, "Leo ni Jumatano, siyo?" Ilikuwa Jumatano. Hakuwahi kukosea hata mara moja, lakini aliuliza.

Siku moja nilimkuta amekaa kaburini, anakitazama kile kigae.

"Unafanya nini, mama?"

"Najizoesha," akasema. "Labda alikuwa hivi."

Nikarudi dukani. Nikatoa kopi za watu mpaka jioni. Moyo wangu uliniuma, lakini kuuma kwa moyo hakumsaidii mtu mwingine yeyote.

Mwezi wa tatu baada ya ibada, mwalimu akaamua mama ahamie kwake Mbeya. Nyumba ifungwe, migomba aangalie jirani. Mama hakubisha, na hilo lilinitisha kuliko yote, maana huyu mama alikuwa anabishana hata na redio. Pikapu ikaja asubuhi. Godoro likapandishwa, sanduku likapandishwa. Baba Ipyana alikuwa anakaza kamba.

Mama akaufunga mlango, akaugusa kidogo kwa kiganja.

"Bora niondoke sasa," akaniambia, "ningali naijua nyumba yangu."

Nikapiga magoti pale pale uani.

"Mama hajasahau kitu! Ni mimi! Picha niliiharibu mimi, na jicho lile liliwekwa na simu!"

Kamba ikaacha kukazwa.

"Liliwekwa na simu vipi?" akauliza mwalimu.

"Iliona mwanga, ikajaza."

"Kwa hiyo yule pale kaburini ni nani?"

"Si mtu."

"Si mtu vipi?"

"Hayupo, shemeji. Hakuwahi kuwepo."

Akafikiri kwa muda, kimwalimu. "Na tumemwekea maua," akasema.

Mama mkwe alikuwa ameegemea mlango. "Kyala wangu," akasema. Huyo ni Mungu, kwa Kinyakyusa. "Kumbe si mimi." Akarudia mara tatu hivi. Halafu akaniona nilivyo. "Nyanyuka, mwanangu. Hapo chini kuna tope."

Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Godoro likashushwa. Funguo za stoo zikarudishwa, na mwalimu akaomba radhi mbele ya wazee. Fundi alikuja kukibandua kigae, kikavunjika, na sasa pale kichwani kuna saruji tupu. Picha ya mzee haipo tena duniani, wala yeye hayupo, na wajukuu watakaozaliwa hawatamwona. Baba Ipyana alisafiri safari mbili bila kuniaga. Siku hizi ananiaga, lakini anaaga kama anavyoagwa mwenye nyumba ya wageni. Shughuli za ukoo wanachapisha kwa mtu mwingine, mtaa wa pili, na herufi zake zinapinda.

Simu yenyewe, niwe mkweli, ni nzuri. Chaji inakaa siku mbili. Grupuni nilijitoa bila kuaga, na hakuna aliyeuliza nilikokwenda.

Nawaomba ninyi mnaosoma. Mzee akikwambia "hakuwa hivyo", weka simu chini umsikilize, hata kama simu ni ya mwaka huu na mzee ni wa zamani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado ni la karatasi. Usije ukalifunika kwa akili ya mtu mwingine kama nilivyofanya mimi. Ukweli niliusema, na kila mtu aliusikia, lakini nilichelewa miezi mitatu, na miezi mitatu ilitosha.

Nasema ilitosha kwa sababu juzi nilikuwa Suma, tunamenya ndizi mimi na mama. Hali yake ni nzuri, anacheka, moto anawasha mwenyewe. Ghafla akasimamisha kisu.

"Mama Ipyana, hivi jicho la mzee lilikuwa la kushoto?"

"La kushoto, mama."

"Nani alisema?"

"Wewe mwenyewe, mama. Ulisema mbele ya watu wote."

Akafikiri kidogo, akachukua ndizi nyingine.

"Kama ni mimi niliyesema," akaniambia, "basi tumuulize mtu mwingine."