Alama ya Kidole Chini ya Askari

Mwanangu, kuna alasiri moja pale mtaani West Indies, hapa mjini, ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo.

Nilikuwa mwalimu kijana hapa Eldoret, na nilipenda kukusanya vile viaskari vya madini ya risasi ambavyo watoto wa walowezi walichezea zamani. Wenzangu walinicheka, lakini kila ndege na mruko wake. Nilikuwa nimejifunza kuwatambua waliovitengeneza: unapindua askari, unasoma herufi chini ya miguu, unapima kama ndani ni mtupu.

Jirani yangu Njeri, mwenye duka, aliniita nimwangalizie mkebe wa viaskari. Marehemu babake alikuwa kibarua wa shamba kule Kaptagat. Aliokota askari waliovunjika, waliotupwa na watoto wa mzungu, akawaleta nyumbani. Muda mfupi baadaye homa ikamuua, Njeri akiwa bado tumboni. Hata picha hakuacha.

Karibu wote niliwatambua upesi, ni wa viwanda vya Uingereza. Mmoja tu alinishinda. Alikuwa mzito, miguu mitupu, hana herufi.

“Huyu hana alama,” nikasema. “Hatutajua ni wa nani.”

Mamake Njeri, nyanya aliyeketi kimya karibu na jiko, akanikemea kwa upole. “Mwalimu, haraka haraka haina baraka. Hebu mwangalie tena.”

Nikampeleka dirishani. Chini ya kibao alichosimamia, mwanangu, nikaona mistari myembamba ya kidole gumba, imekatwa na kovu. Mtu alibonyeza udongo mbichi kufanya umbo la askari, akamimina ndani yake risasi iliyoyeyushwa, nayo ikashika kila mstari.

Nilipowaeleza, nyanya akanyanyuka. “Kovu? Kidole gumba? Ni panga lilimkata mume wangu, ndio kwanza tumeoana! Aliniambia anamtengenezea mtoto kitu. Mimi nikadhani ni mzaha.”

Njeri aliweka kidole chake juu ya alama ya babake, akakiacha hapo. Nilivua kofia bila kujua.

Basi nisikilize. Ukishika kazi ya mikono ya mtu, usikimbilie kuuliza bei. Ipindue, itazame polepole. Ukikosa jina, usiseme haina mwenyewe, maana kuna mtu aliinama hapo akimuwaza mwingine. Na wazee wako waulize wakingali hai.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na utakachokiunda kimfikie uliyemkusudia, hata usipokuwepo.