Mfuko wa Vernal bado unajazwa

Ni Ijumaa, saa tatu kasoro asubuhi. Manchester inanyesha mvua yake ile ya manyunyu, isiyo na haraka ya kwenda popote. Claudette Tulloch anakokota kigari kutoka stesheni. Amevua koti lake na kuyafunika maboksi mawili yaliyomo. Yeye mwenyewe analowa.

"Mimi nitakauka," anasema. "Jalada likilowa, ndiyo basi."

Ndani ya maboksi mna santuri za New York. Jana zilishuka London kwa ndege, alfajiri zikapakiwa kwenye treni. Baada ya mwezi mmoja au miwili nyingi zitachapwa hapa hapa Uingereza na kuuzwa kwa nusu bei, lakini kufikia hapo wacheza dansi watakuwa wamezichoka. DJ anayetaka kuwa wa kwanza hulipa pauni tano kwa moja, na hakuna DJ asiyetaka kuwa wa kwanza.

Claudette ana miaka ishirini na mitano. Dukani kwa Len Ashworth analipwa pauni hamsini na nane kwa wiki. Kazi yake ni kufungua maboksi, kupiga kila santuri kwenye mashine mbili zilizo juu ya kaunta, kisha kuamua ipi imfae nani. Chini ya kaunta ipo mifuko, kila mmoja na jina la DJ. Kinachoingia kwenye mfuko wako hakiuzwi kwa mwingine mpaka uje.

Saa sita duka limejaa. Claudette anaweka santuri ya kwanza. Ngoma za mashine zinadunda, nzito na kavu, na juu yake anaimba mtu aliyepitishwa kwenye mtambo hadi sauti ikawa ya roboti mwenye mafua. Vichwa vinaanza kutikisika.

"Sista, hiyo ni yangu!" anapaza sauti kijana mmoja wa Huddersfield.

"Wewe? Wiki iliyopita uliondoka hata kuaga hukuaga."

"Nilikuwa nimeishiwa nauli."

"Kwani kuaga kunatozwa nauli?"

Watu wanacheka. Nakala zilizokuja ni tatu tu. Ya kwanza anampa kijana huyo. Ya pili anaitia kwenye mfuko wa Clifton Baptiste, DJ mkubwa wa mtaa huu wa Moss Side. Ya tatu anaitia, bila hata kutazama chini, kwenye mfuko ulioandikwa Vernal.

Vernal Tulloch alikuwa kaka yake. Alifariki Februari mwaka huu wa 1984, akiwa na miaka ishirini na minane. Ugonjwa wa selimundu, aliozaliwa nao, ulimkamata kwenye baridi ile kali, naye hakuinuka tena. Ndiye aliyemfundisha dada yake kuunganisha santuri mbili zisiachane mwendo, sebuleni kwa mama yao, sauti ikiwa chini kwa heshima ya majirani.

Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi, Claudette alirudi kazini, akafungua boksi, na mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa kaka yake.

"Sikukusudia," anasema. "Nilipotaka kuitoa, nikashindwa. Nikailipia."

Tangu hapo halipii moja tu. Wiki nyingine huwa mbili, wiki nyingine tatu, zote zinakatwa kwenye mshahara wake. Len, mzee wa miaka sitini aliyeanza na santuri za jazi, hajawahi kumkemea.

"Nilimwambia mara moja tu," anasema Len akimimina chai. "Nikamwambia, mwanangu, marehemu hasikilizi. Akaniuliza, wewe umejuaje?"

Anayeumizwa zaidi na mfuko huo ni Baptiste. DJ akiwa na nakala mbili za santuri moja anaweza kuirefusha sehemu ya ngoma kadiri apendavyo, akitoka huku na kuingia kule. Akiwa na moja, anasubiri iishe kama watu wengine. Mara nyingi nakala ambayo ingekuwa yake ya pili imo mle mfukoni mwa Vernal. Mwezi uliopita alitaka kulipa mara mbili ya bei. Claudette alikataa.

Ana sababu. Vernal alipoanza kuupiga muziki huu wa mitambo, Baptiste, mpenzi wa jazi na vinanda vinavyopigwa kwa mikono ya watu, alimcheka mbele za watu. "Huo si muziki," alisema. "Ni mashine ya kufulia iliyopandisha mashetani." Leo Baptiste anaishi kwa mashine hiyo hiyo ya kufulia.

Anaingia saa nane, mrefu, kofia mkononi. Hatazami mfuko wake.

"Habari, dada Claudette."

"Nakala ya pili siuzi, kaka Clifton."

"Sijaja kununua. Jumapili tuna dansi ya mchana kule Birmingham. Mabasi manne yanatoka hapa. Nimepewa saa nzima ya kupiga santuri. Nakupa nusu yake, uje na mfuko ule."

"Mfuko ni wa Vernal."

Baptiste anazungusha kofia yake. "Claudette, mle ndani hamna hata moja aliyowahi kuisikia. Zote zimekuja baada yake. Ni wewe uliyezichagua."

Claudette anageuka, anawasha birika ambalo limeshachemka. Baptiste anatoka bila kuchukua santuri zake, na wateja wanajifanya kusoma majalada.

Wakati wa kufunga duka ndipo Claudette anapozungumza, akiwa amepiga magoti chini ya kaunta na mfuko mapajani. Anazitoa moja moja.

"Kweli," anasema. "Hii ya Aprili. Hii ya Juni. Mimi nilidhani ninamtunzia."

Mama yake, Icilda, mpishi wa hospitali na mshirika wa kanisa la Kipentekoste, anapoambiwa jioni hiyo habari za mwaliko wa Birmingham, anaendelea kukoroga wali na maharage. Swali lake ni moja tu.

"Utavaa nini?"

Kwa hiyo Jumapili Claudette atapanda basi la kwanza. Wanawake wanaosimama nyuma ya mashine kwenye dansi hizo ni wa kutafuta kwa tochi, na wachezaji wa Birmingham hawamwonei mtu haya. Anatumaini mmoja wao atamfuata kuuliza santuri ile ni ipi, bila kuuliza yeye ni dada wa nani.

Je, wakiondoka ukumbini?

"Waondoke," anasema. "Vernal alipoipiga ya kwanza ya mitambo, ukumbi wote ulihama. Clifton ndiye aliyeongoza msafara kwenda baa."

Kisha Vernal akafanyaje?

"Akaipiga tena."