Mpangaji Wangu Anayependa Kufagia

Basi naingia chumbani, nakuta kitanda kimepandishwa juu ya matofali na sakafu imeshuka kama lambo la ng'ombe!

Huyo ni Shija, mpangaji niliyekuwa namsifia kwa wenzake. Anafagia asubuhi, anafagia jioni. Nikasema huyu mama yake alimlea.

Kumbe udongo wa sakafu yangu anaupeleka kuuosha, anatafuta dhahabu!

Jamani, vyumba hivi nimeuza ng'ombe kujenga, saruji ya sakafu nikaishiwa. Kifusi cha kujazia sakafu nilizoa pale wanaposaga mawe ya dhahabu, maana kilikuwa cha bure. Marehemu mzee wangu na vya bure, yeye... haya, tuyaache.

Nikamwambia, "Toka! Ukuta ukianguka nitapangisha mbuzi?"

Wala hakushtuka. "Shikamoo bibi. Si wewe mwenye eneo? Mgao wako nimekutunzia."

Na kweli, huku Mwakitolyo akichimba mtu kwako, mwenye eneo hakosi mgao. Akafungua kitambaa. Kidonge cha dhahabu kinang'aa kama jicho la kuku!

Hasira sijui ilienda wapi.

Nikasema, "Hiki ni saruji ya vyumba vyote. Na shimo utalifukia mwenyewe, leo leo."

"Sawa, mayu, mama yangu."

Nyie mngemfukuza? Andikeni hapa chini, mjukuu atanisomea.

Haya, fundi ananiita huko nje, anauliza aanze chumba kipi. Nakwenda kumwambia changu kiwe cha mwisho, na mimi nataka kufagia kwanza.